Shikamoo ya Matroni

4 Machi
Inatangazwa rasmi, kwa wanaohusika na wasiohusika, kwamba kuanzia leo saa mbili asubuhi mimi, mfagizi wa chumba namba tisa, nimekabidhiwa ufunguo wa kabati la kadi. Hakukuwa na hotuba. Daktari wa Maneno aliuchomoa kwenye pete yake, akaupuliza vumbi, akanipa. "Usiupoteze," akasema. Nimeuvaa shingoni kwa kamba, kama mtoto wa chekechea.

Daktari wa Maneno si daktari. Ni mtaalamu wa usemi: anawafundisha kusema upya watu walioumia ubongo. Wagonjwa ndio walioanza kumwita daktari. Mwanzoni alikuwa anawasahihisha, siku hizi anaitika. Mimi nafagia, napiga deki, naita wagonjwa kwa zamu, na tangu leo nampangia kadi zake za picha: kikombe, ufagio, ndoo, kiatu, kuku. Miaka minne nimefagia chumba hiki huku nikisikiliza. Karatasi anazotupa nazisoma kabla hazijafika kwenye pipa. Najua tofauti ya mtu aliyepoteza neno na mtu aliyepoteza kitu chenyewe kichwani. Cheti sina, sikio ninalo.

Mvua za masika zimeanza leo mchana.

5 Machi
Mvua. Tope hadi kwenye kabati.

7 Machi
Leo wametuletea Matroni.

Matroni wetu mwenyewe, mkuu wa wauguzi na wafagizi wote wa hospitali hii. Mwezi wa kwanza pikipiki ilimgonga mbele ya geti letu wakati anamgombeza bawabu kwa kuliacha wazi. Alilala wiki tatu hajitambui. Sasa anatembea. Mkono wa kulia unaning'inia tu. Anasikia, anaelewa, ukimwambia fumba macho anafumba. Ila kinywa kimebakiwa na neno moja.

Daktari wa Maneno akamwinulia kadi ya kikombe. "Matroni, hiki ni nini?"

"Shikamoo."

Ya ndoo. "Na hii?"

"Shikamoo."

Matroni akageuka, akaniona nimesimama mlangoni na deki yangu. Akanitazama usoni, jambo ambalo sikumbuki kama aliwahi kulifanya. "Shikamoo," akaniambia.

Miaka kumi na moja nimemwamkia huyu mwanamke kila asubuhi ya Mungu, na miaka kumi na moja amepita kama ameamkiwa na mlango. Watoto wangu wanajua kutembea, kusoma na kubishana, wote wamekua katika muda ambao nimekuwa nasubiri marahaba moja.

Nikasema, "Marahaba."

Mungu anisamehe, ilikuwa tamu.

11 Machi
Imekuwa mchezo wa hospitali nzima. Akipita koridoni wauguzi wanafunzi wanajipanga ukutani. "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu! Hujambo? Umekunywa uji?" Halafu wanakimbilia stoo kucheka.

Bawabu amenisimamisha getini. "Dada, leo ameniamkia mara nne. Nimezeeka ghafla, mgongo umeanza kuuma."

"Na wewe umeitika?"

"Mara tano. Moja ya akiba."

Nimecheka mpaka nimeshika ukuta.

12 Machi
Mvua. Ameniamkia mara tisa. Nimeitika zote.

14 Machi
Nitaandika hili mara moja, nisilirudie.

Mwaka wa tatu wa kazi yangu, mama alilazwa wodi ya sita. Saa tano asubuhi muuguzi alinijia mbio, akaninong'oneza: nenda, anakuita. Nilikuwa napiga deki wodi ya pili. Nikaenda kumwomba Matroni ruhusa. Hakuuliza kuna nini. Alitazama sakafu yangu, akaonyesha kwa kidole kule nyuma ya vitanda. "Pembeni kwanza," akasema. Nikamaliza pembe zote nne. Nilipofika wodi ya sita mama alikuwa ameshafunikwa shuka hadi juu.

Ndiyo hivyo.

18 Machi
Kumbe kuna jambo.

Anayemleta Matroni ni binti yake, karani fulani mjini, mpole, anaongea kama anaomba msamaha. Leo amekuja na barua. Jopo la madaktari watatu litakaa tarehe 27 Mei kumpima mama yake. Maswali ni matatu: jina lako nani, hapa ni wapi, kazi yako nini. Akijibu, atapewa kazi ya mezani stoo ya shuka, ataendelea. Asipojibu, anastaafishwa kwa sababu za kiafya.

"Mama hana kingine, dada," akaniambia tukiwa koridoni. "Nyumbani anapanga sufuria kwa ukubwa, anazipangua, anazipanga tena. Saa kumi na moja alfajiri ameshavaa gauni jeupe, amekaa kitandani anasubiri kuche."

Ndani, Daktari wa Maneno alikuwa anamweleza Matroni kwa ile sauti yake ya taratibu, nami nikasikiliza na kadi mkononi. Neno lililobaki, alisema, linajilisha lenyewe. Kila mtu akiliitikia, ubongo unaona limefanya kazi, unalirudia. Dawa yake ni kunyamaza. Asiitikiwe hata kidogo.

Akanigeukia. "Umesikia? Wewe unashinda naye koridoni kuliko mimi. Usimwitikie."

"Sawa, Daktari."

"Umekuwa ukimwitikia?"

"Mara mojamoja," nikasema.

20 Machi
Tangu tarehe saba, kwa makadirio ya haki, nimemwitikia mara sabini na tano. Bawabu na wanafunzi sijawahesabu. Sisi ndio tuliolipigilia misumari.

21 Machi
Leo nimejaribu kunyamaza. Ameniamkia, nikatazama dirishani. Akaniamkia tena. Mara ya tatu sauti ikapanda, mishipa ya shingo ikasimama, na machoni nikaona kitu ambacho wanafunzi hawakioni kwa kucheka. Anajua. Anasikia neno linavyotoka, na anajua silo alilolituma. Kila shikamoo inamfika yeye kwanza.

Nilitaka kufurahi. Tatizo ni kwamba huwezi kumchukia vizuri mtu anayekuamkia. Nimeweka hasira miaka minane, siku ya kuitumia wananiletea mtu asiyeweza hata kuikataa. Namtaka Matroni yule. Nina swali la kumuuliza.

26 Machi
Mvua mfululizo. Kikombe, ndoo, kiatu. Shikamoo, shikamoo, shikamoo.

28 Machi
Vilevile.

2 Aprili
Leo paa limevuja, nikahangaika na ndoo mpaka saa nne kasoro. Matroni akaingia kabla sijamaliza, na nyuma ya mlango nilikuwa nimeacha tope la viatu, bonge kama mkate. Daktari wa Maneno ametoka kupokea simu. Nikainama kuokota kadi zilizolowa.

"Pembeni!"

Nikaruka. Nilidhani ni kumbukumbu yangu. Nikageuka, nikamkuta amesimama, mkono wa kushoto umenyooka kuelekea nyuma ya mlango, kidole kile kile.

"Nini, Matroni?"

"Pembeni!" Kisha akaweka mkono mdomoni, kama mtu aliyetema jino.

Nilifuta pembeni. Sijui kama ni kwa hofu ya zamani au furaha mpya. Daktari wa Maneno aliporudi akainua kadi ya kuku. "Shikamoo," akaambiwa.

4 Aprili
Nimeacha tope makusudi, chini ya dirisha. "Pembeni!"

Mara moja bahati. Mara mbili nimeshika kitu.

9 Aprili
Nimepiga deki kwa maji ya jana. Amenusa, amekunja pua, na limetoka: "Maji machafu!"

Machafu! Si "mchafu", si "chafu". Daktari wa Maneno ana karatasi inayosema kwamba walioumia upande ule wa kichwa wanachanganya ngeli. Huyu hajachanganya. Mimi mwenyewe ngeli ndizo zilizoninyima sekondari.

11 Aprili
Kitambaa nimekikamua vibaya: "Kamua!" Nimeacha alama za nyayo: "Rudia!" Nimejifanya sijasikia: "Rudia, wewe!" Maneno mawili yamefuatana tena. Nimerudia. Nimefuta sakafu moja mara tatu, nikitukanwa, huku natabasamu kama mjinga.

16 Aprili
Nimemwambia Daktari wa Maneno. Nilikuwa nimepanga namna ya kusema tangu usiku, nikaipanga kama ripoti zake: tarehe, kosa la usafi, neno lililotoka. Akasikiliza hadi mwisho, haki yake nampa.

"Kwa hiyo unataka niandike kwamba dawa ni uchafu?"

"Andika unavyoona, Daktari. Mimi nasema yanatoka."

"Hayo ni maneno ya kujitokeza. Ni kama kupiga chafya. Mtu haamui kupiga chafya."

"Lakini hapigi chafya sakafu ikiwa safi."

Akashika kalamu. Nilidhani anafikiri. "Kazi yako ni usafi," akasema. "Na naona hivi karibuni umeshuka."

Mtu niliyekuwa naokota karatasi zake kwenye pipa kama barua za mchumba.

17 Aprili
Mvua. Nimeendelea kushuka.

25 Aprili
Maneno kumi na moja sasa. Lakini jopo halitauliza habari za deki. Nimekaa na hilo siku tatu, na leo nimejaribu njia. Naweka tope, nasubiri uso uive, halafu nasema upuuzi kwa sauti ya kujiamini.

"Samahani, mpishi, naomba unisogeze kiti."

"Mpishi?" Macho yakatoka. "Mpi... Mimi? Matroni! Matroni!"

"Ahaa. Nilidhani mpishi. Kwani hapa si sokoni?"

"Hospitali! Mjinga!"

Nimekwenda kukaa chooni dakika mbili, nikarudi.

2 Mei
Jina lilikuwa gumu kuliko yote. Leo nimemwita kwa jina la matroni wa hospitali ya pili, yule asiyesalimiana naye. Akataja jina lake, la baba yake na la babu yake, moja moja, akigonga meza kwa mkono wa kushoto. Binti yake alikuwa mlangoni na mwavuli. Hakulia. Aliufunga mwavuli, akaufungua, akaufunga.

"Umefanyaje, dada?"

"Mama yako anachukia uchafu."

"Sote tunajua."

"Basi."

Nikamweleza mpango. Siku ya jopo, kikao kitakuwa humuhumu chumba cha tisa, kwa sababu meza yetu ndiyo kubwa. Nitaacha tope pembeni, pale atakapoliona akikaa. Akishachemka, maswali matatu ni kitu kidogo.

6 Mei
Nilipokuwa napanga kadi nimeona ripoti ya Daktari wa Maneno mezani, imeandikwa kwa jopo. "Kwa mbinu ya kadi za picha mgonjwa amepata maneno takribani kumi na tano." Basi chafya zimepandishwa cheo.

9 Mei
Matroni amenitazama nikikamua kitambaa, akasema "Vizuri." Halafu akaonekana kukasirika kwa kusema hivyo.

Ningeweza kumuuliza leo lile swali langu. Maneno anayo ya kutosha. Nilifungua kinywa, nikauliza kama anataka maji.

15 Mei
Mvua inapungua.

20 Mei
Barua imenifikia, nakala kwa ofisi ya utawala: "Hali ya usafi wa chumba namba tisa hairidhishi, hasa pembeni." Imetiwa saini na Daktari wa Maneno. Nikamfuata.

"Daktari, unajua kwa nini ni chafu. Nilikwambia mwenyewe, kwa tarehe."

"Wakubwa wanakuja, mama. Siwezi kuwakalisha kwenye tope."

"Bila tope hasemi."

"Atasema. Ameshapata maneno kumi na tano, ripoti iko mezani."

Amemeza uongo wake mwenyewe, na umemkalia vizuri.

23 Mei
Jua. Njia imekauka. Hakuna mwenye tope kiatuni, nimetazama viatu vya hospitali nzima.

26 Mei
Nimeleta tope la bustanini kwenye mfuko wa nailoni, nimelificha nyuma ya kabati.

27 Mei
Nimefika saa kumi na mbili na nusu. Chumba cha tisa kimefunguliwa, ndani kuna watu wanne wa kampuni ya usafi walioitwa na utawala jana jioni. Wamesugua sakafu kwa mashine, wamefuta kuta, wamesogeza kabati. Mfuko wangu umetupwa. Sakafu inameta, unaweza kujiona meno. Daktari wa Maneno amesimama katikati na tai, anavuta hewa ya sabuni. "Si unaona?" akaniambia. "Ndivyo chumba kinavyotakiwa kuwa." Akaniagiza glasi na jagi la maji.

Saa nne Matroni akaingia na gauni lake jeupe lililopigwa pasi. Binti akabaki nje. Jopo ni Mwenyekiti, mzee mwenye miwani iliyoshuka puani, na madaktari wawili wa kiume vijana ambao Matroni aliwahi kuwafukuza wodini wote wawili kwa kuingia na viatu vichafu. Nilipanga glasi polepole kuliko glasi zilivyowahi kupangwa.

Matroni akakaa. Akatazama sakafu. Akatazama nyuma ya mlango, chini ya dirisha, chini ya kabati. Akainua macho, akanitazama mimi, na nikaona amenielewa na amekosa pa kushika.

"Mama, jina lako nani?" akauliza Mwenyekiti.

"Shikamoo."

"Marahaba, mama," Mwenyekiti akasema, kwa upole kabisa, na vijana wakatazama karatasi wasicheke. "Hapa tuko wapi?"

Matroni akafumba macho. Jasho lilikuwa juu ya mdomo. "Shi..." Akaubana mdomo. Akaufungua. "Shikamoo."

"Marahaba. Na kazi yako..."

Nilitoka. Koridoni kuna ndoo ya kufutia choo cha wanaume, ilikuwa imejaa tangu asubuhi. Nikaibeba, nikaingia nayo, nikaimwaga yote pembeni, nyuma ya mlango. Maji yakatambaa chini ya meza hadi kwenye viatu vya Mwenyekiti.

Kelele zilizofuata sitaziandika. Daktari wa Maneno aliniita jina ambalo halimo kwenye kadi zake.

Matroni alisimama.

"Nyamaza!" akasema, na chumba kikanyamaza. Akanyoosha mkono wa kushoto mlangoni. "Tokeni. Nyote. Sakafu mbichi."

Wakatoka. Naapa. Mwenyekiti alichukua mafaili yake kifuani akatoka kwa ncha za vidole. "Viatu!" akamkemea yule kijana wa mwisho, na kijana akavua viatu, akatoka navyo mkononi. Daktari wa Maneno naye akatoka. Matroni akaufunga mlango.

"Matroni," nikasema, "wako hapo nje. Fungua uwaambie. Jina lako nani?"

"Pembeni," akasema.

"Nitafuta. Sema kwanza, nakuomba. Watakwenda zao."

"Pembeni kwanza."

Alikuwa amesimama mbele ya mlango, na hakuna mtu hospitali hii aliyewahi kumpita Matroni mlangoni. Nikapiga magoti, nikafuta. Nyuma ya mlango, chini ya dirisha, chini ya kabati, nyuma ya meza. Nilifuta upesi kuliko siku yoyote ya maisha yangu na bado akanirudisha kwenye kabati mara mbili. Kisha akaikagua sakafu, akaitikia kwa kichwa, akakaa kwenye kiti chake. Akajipangusa jasho. Akataja jina lake, la baba yake, la babu yake. "Hospitali," akasema. "Matroni. Miaka... ishirini. Ishirini na mbili."

Nikafungua mlango. Koridoni alikuwepo binti yake peke yake, ameshika mwavuli siku ya jua.

"Wamejazia fomu hapa ukutani," akasema. "Wamekwenda."

28 Mei
Nimeiona fomu. Jina: hakujibu. Mahali: hakujibu. Kazi: hakujibu. Maoni: mgonjwa ana hasira, hakutoa ushirikiano.

Mimi nimepata barua ya onyo la mwisho. Hawakunihamisha, kwa sababu hakuna mwingine anayekitaka chumba hiki.

29 Mei
Nilimwendea Daktari wa Maneno, nikamwambia nilivyosikia yote matatu. Aliniambia ananiamini. "Ila kikao kimeshafungwa," akasema. Kisha, akiwa ameinamia droo: "Nilitaka tu mambo yawe na heshima." Nadhani hilo ni kweli. Ndilo linalonichosha.

3 Juni
Jumanne. Saa nne kamili Matroni ameketi koridoni na binti yake, gauni jeupe, anasubiri zamu. Nikatazama orodha niwaite. Jina lake halimo. Binti akadhani limesahaulika, nami pia, nikaenda dirishani kwa karani wa mapokezi.

Karani hakuinua kichwa. Chumba cha tisa, alisema, ni cha watumishi walioumia kazini. Mtu akistaafishwa si mtumishi.

Saa nne ya Jumanne sasa ni ya fundi bomba wa hospitali aliyeanguka darini. Ana maneno sita.